Bomba la shaba: jibu langu kwa binamu (na kwa wote mnaouliza)

Najua nimekuwa kimya mno, na wengine mmeshaanza kusema Durban imenimeza. Haijanimeza. Kazi zilikuwa nyingi tu karakana, na nikirudi usiku mwili wote unauma, kompyuta naiangalia kwa mbali. Lakini leo imebidi nikae chini niandike, kwa sababu kuna jambo limenisumbua wiki nzima.

Jumapili iliyopita binamu yangu wa Masasi alinipigia simu. Tukasalimiana vizuri, akaniuliza hali ya hewa, akaniuliza kama huku bado wanawafukuza wageni, nikamjibu. Halafu akafika alipotaka. "Kaka, nasikia siku hizi mnatengeneza mitambo ya kupikia pombe kali. Basi nitafutie bomba la shaba, mita sita hivi, au nitumie hela nilinunue Dar. Mabibo mwaka huu yatakuwa mengi, yanaozea chini bure."

Nilicheka kwanza. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilimkumbuka bibi.

Mliokua nasi mnajua. Wadogo zangu mliozaliwa baadaye hamjui, kwa hiyo niseme. Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa anapika gongo. Hakuwa mhuni wala mlevi, na mimi sikuwahi kumwona akinywa hata siku moja. Msimu wa korosho ukianza mwezi wa kumi, sisi watoto tulikuwa tunaokota korosho, tunatenga mbegu, na mabibo tunampelekea yeye. Anayakamua, juisi inachacha inakuwa uraka, na uraka unaobaki unaingia kwenye pipa. Bomba lake lilikuwa limetoka kwenye rejeta ya gari bovu. Ada yangu ya sekondari ililipwa na lile pipa. Na mwaka 1988 akakamatwa, akapelekwa mahakamani, akalala ndani miezi mitatu kwa kukosa faini. Aliporudi alikuwa amekonda, na hakuwahi tena kutuangalia usoni kama zamani. Aliyeuza korosho sokoni alikuwa mkulima, aliyekamua mabibo ya mkorosho uleule alikuwa mhalifu. Mpaka leo jambo hilo halijaniingia akilini.

Sasa nirudi Durban, kwa sababu huku nimejifunza kitu ambacho nadhani na nyinyi mkijue.

Karakana ninayofanya kazi inachomelea matangi ya chuma kisichoshika kutu. Maziwa, juisi, kemikali, kila kitu. Miaka ya karibuni wameanza kuja vijana wenye ndevu zao na tai, wanataka chungu cha shaba cha lita 300, na mnara juu yake, kwa ajili ya jini au ramu. Pombe za viwanda vidogo zimekuwa mtindo hapa. Hata pale Station Drive kulianzishwa kiwanda kidogo kilichojiita Distillery 031, kwa namba ya simu ya mji huu. Mkoa huu wa KwaZulu-Natal ni wa miwa. Wahindi wa kwanza waliletwa mwaka 1860 kuja kulima miwa hiyo, na pombe ya miwa ni ya kwao kama mnazi ulivyo wa Pwani.

Jambo la kwanza lililonishangaza: bosi wetu hawezi kutengeneza hata chungu kimoja cha namna hiyo bila leseni. Mtambo wenyewe, hata ukiwa mtupu, unafuatiliwa na SARS, yaani mamlaka ya mapato ya huku. Mteja naye lazima awe na karatasi zake kabla hatujampa. Tulikuwa na chungu kimoja kimekaa pembeni karakana miezi saba, kimefunikwa turubai, mwenyewe anahangaika na vibali. Kila akija kukiangalia anakipapasa kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

Nilimwuliza siku moja, karatasi zenyewe ni zipi? Akanihesabia kwa vidole. Kwanza manispaa, kwamba eneo linaruhusu shughuli hiyo. Pili leseni ya mkoa, chini ya sheria ya pombe ya KwaZulu-Natal ya mwaka 2010, unatangaza maombi na majirani wana haki ya kupinga. Tatu SARS, ghala lenye leseni na dhamana ya fedha, ili ushuru usipotee. Nne masharti ya kilimo chini ya sheria ya mwaka 1989, pombe yenyewe iwe na nini ndani na lebo iandikweje. Ukimaliza ndipo unawasha moto. Na wakati wote huo kodi ya pango inaendelea.

Ushuru nao si wa mchezo. Kwenye bajeti ya mwaka 2025 pombe kali ilitozwa randi 292.91 kwa kila lita ya kilevi halisi. Chupa ya kawaida ya mililita 750 yenye asilimia 43, piga hesabu mwenyewe, ni kama randi 94 na senti 46. Zaidi ya shilingi elfu kumi za kwetu zinakwenda serikalini hata kabla ya kulipa chupa, kizibo na mfanyakazi. Lakini sikieni hili: kwenye bajeti hiyohiyo pombe ya asili ya mtama, ile wanayoiita umqombothi, ilitozwa senti 7.82 kwa lita. Senti, si randi! Ina maana serikali ikiamua kwamba kinywaji fulani ni cha watu wa kawaida na ni cha mila, inajua namna ya kukitoza kidogo. Si kweli kwamba haiwezekani.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Sheria ya pombe ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 inagawanya watengenezaji mafungu mawili. Wakubwa wanasajiliwa na serikali kuu, wadogo wanakwenda mkoani. Nzuri, siyo? Lakini mdogo ni nani? Kwa pombe kali, mdogo ni yeyote asiyefikisha lita milioni mbili kwa mwaka. Milioni mbili! Bibi yetu alikuwa anapata kama lita 20 kwa pipa moja. Ili afikishe lita milioni mbili angepika mapipa laki moja. Akipika pipa moja kila siku bila kupumzika hata Idi na Krismasi, ni zaidi ya miaka 270. Kwa sheria hii bibi na mwenye kiwanda cha magari ya kubebea kumi wangekaa kwenye foleni moja, wangejaza fomu zilezile. Mwenye kiwanda ana mwanasheria. Bibi alikuwa hajui kusoma.

Kwa hiyo anayefaidi mlango huu mdogo ni yule aliyekuwa na mtaji tangu mwanzo. Wanawake wa vitongojini wanaopika gavine, ambayo ni gongo ya miwa ya Wazulu, wameendelea kupika kwa kujificha kama zamani. Leseni ipo, lakini haijawafikia.

Na hapa Durban jambo hili lina historia chungu. Siku moja ya mapumziko nilikwenda makumbusho ya KwaMuhle, katikati ya mji. Jengo lile zamani lilikuwa ofisi ya kusimamia Waafrika, mambo ya pasi na vibali. Humo nilisoma kwamba mwaka 1908 Natal ilipitisha sheria iliyoiruhusu manispaa kuhodhi upikaji na uuzaji wa pombe ya Waafrika. Mwaka uliofuata Durban ikaanza. Mama akipika kwake anakamatwa, pombe inamwagwa. Mumewe akitaka kunywa aende kwenye ukumbi wa manispaa, alipe. Na faida yake ikaendesha ofisi ileile iliyowasumbua! Miji mingine ikaiga, ukaitwa mfumo wa Durban. Watu waligoma mwaka 1929, damu ikamwagika. Mwezi Juni mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor, wenyewe wanapaita Umkhumbane, walizivamia kumbi za pombe na fimbo zao, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Dorothy Nyembe. Januari mwaka 1960 polisi tisa waliuawa palepale katika msako wa pombe. Hadi Agosti mwaka 1962 Mwafrika hakuruhusiwa kununua pombe ya dukani kama mtu mwingine.

Mama mmoja mzee wa KwaMashu, ambaye tunamwita gogo, yaani bibi, anatuletea chakula cha mchana pale karakana. Alikuwa mtoto mdogo Umkhumbane wakati ule. Aliniambia mama yake alikuwa anafukia mapipa ardhini na kupanda maboga juu yake. Nikamwambia bibi yangu alikuwa anaficha lake chini ya kitanda cha wajukuu. Tulicheka sana siku ile, mpaka akafuta machozi.

Sasa msije mkasema nimekuja kusifia gongo. Mimi mwenyewe sinywi, na mjomba wetu sote tunajua alikufaje, hata kaburini harufu ilikuwa haijamtoka. Najua vilevile kwamba gongo inaua kwa namna nyingine. Mabibo yakichachuka na kupikwa, yanayotoka mwanzo kabisa yanatakiwa kumwagwa, maana yana sumu nyingi kuliko yanayofuata. Methanoli inachemka kwenye nyuzi 65 hivi, kilevi chenyewe kwenye 78. Bomba la rejeta lina risasi ndani ya viungo vyake, na risasi inaingia kwenye pombe. Na wapo wabaya zaidi, wanaochanganya methanoli ya viwandani ili ipate nguvu. Mwezi Mei mwaka 2014 huko Kenya makumi ya watu walikufa kwa pombe ya namna hiyo, wengine wakapofuka.

Lakini jiulizeni, bibi angefundishwa na nani kumwaga yale ya mwanzo? Afisa wa afya akifika kwake, yeye anakimbilia porini. Mtu anayejificha humkagui, humfundishi, humwambii asiuzie watoto. Unaweza tu kumfunga, na akitoka anapika tena kwa sababu ada haijalipwa. Kwetu kuna sheria ya mwaka 1966 inayohusu moshi, yaani hiyohiyo gongo. Jina lake linataja utengenezaji na ukenekaji wa moshi. Mimi nimeijua kwa njia moja tu, kama sheria ya kukamatia watu.

Majirani nao walijaribu. Uganda mwaka 1965 walitunga sheria ya enguli, mpishi awe na leseni na mali yake aiuze kwa kiwanda kikubwa kiisafishe. Waragi ile ya chupa mnayoiona imetokana na mpango huo. Lakini mpishi akibaki na mnunuzi mmoja, bei ni ya mnunuzi. Sisi watu wa korosho hatuhitaji kuelezwa hilo, mwaka 2018 tulikaa na magunia yetu tukisubiri malipo. Kenya walikuwa na marufuku ya chang'aa tangu mwaka 1980, wakaiondoa mwaka 2010 kwa ile sheria waliyoizoea kwa jina la Mututho. Chang'aa ikawa halali, mradi iwe na viwango, iwe kwenye chupa ya kioo, isipungue mililita 250. Yule mama anayepimia kwa kikombe chupa za kioo atazitoa wapi? Waliopita mlangoni ni wenye viwanda. Mama akabaki palepale, sasa si kwa marufuku bali kwa gharama.

Ndiyo maana nasema ugomvi wangu hauko kwenye leseni. Ninachogombana nacho ni kipimo chake. Ada na masharti yakipimwa kwa kiwanda, ni marufuku iliyovaa tai.

Na huku huku Afrika Kusini kuna mfano mzuri ambao watu hawautaji sana. Makaburu wana pombe yao ya matunda inaitwa mampoer, wanaipika shambani kwa pichi na matunda mengine. Sheria ya ushuru ya mwaka 1964 ikamtambua mkulima mwenye leseni ya kukeneka matunda mabichi aliyoyalima yeye mwenyewe kwenye shamba lake. Si kampuni, ni mkulima na matunda yake. Kwa wakati ule ilikuwa ni kumwangalia mzungu tu, maana mashamba yalikuwa yake, na miaka ileile wanawake wa Umkhumbane walikuwa wanavunjiwa mapipa. Dhuluma iko wazi. Lakini wazo lenyewe litoeni kwenye ile dhuluma mlitazame: mkulima, shamba lake, matunda yake, leseni yake. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya bibi!

Mfano mwingine uko India. Huko Goa Wareno walipeleka mkorosho kama walivyouleta Msumbiji, ukatufikia na sisi. Wagoa wanakeneka mabibo kama sisi, pombe yao inaitwa feni. Mwaka 2009 feni ya mabibo ilisajiliwa kama bidhaa ya Goa, mtu wa kwingine haruhusiwi kutumia jina hilo. Rafiki yangu mmoja wa hapa aliniletea chupa, ina lebo nzuri ya mkorosho. Nilifungua kunusa tu. Jamani, ilikuwa ni jikoni kwa bibi! Harufu ileile. Ya kwao iko uwanja wa ndege inauzwa kwa watalii, ya kwetu ilimpeleka bibi ndani.

Basi hoja yangu naiweka wazi, mkiwa na mbunge au diwani anayesikiliza mfikishieni.

Moja, iwepo leseni ya mkulima, kwa matunda ya shamba lake tu, yenye kikomo cha lita kwa msimu. Akitaka zaidi apande ngazi, alipe zaidi.

Mbili, ada ilipwe baada ya msimu, kwa lita alizouza. Ukidai ada mwezi wa tisa, kabla hata ua halijawa bibo, anayelipa ni tajiri tu.

Tatu, badala ya kila mtu kujenga maabara, chama cha msingi kiwe na chumba kimoja chenye vipimo, kila pipa lichukuliwe sampuli. Bomba la shaba liwe sharti, rejeta ipigwe marufuku kabisa.

Nne, asilazimishwe kuuza kwa mnunuzi mmoja.

Tano, atakayeuzia mtoto au kuchanganya kemikali afutiwe leseni na ashitakiwe. Hapo jela ninaiunga mkono.

Mtasema kuna pombe za kutosha tayari. Kweli. Na hii nchi ninayoishi ina leseni za kila aina na bado pombe inaimaliza. Ijumaa jioni nikipita barabarani naogopa madereva kuliko majambazi. Leseni haimfanyi mtu awe na kiasi. Viroba vilipigwa marufuku kwetu Machi mwaka 2017, na mimi nilifurahi, kwa sababu mtoto wa shule alikuwa anavinunua kwa hela ya andazi. Kwa hiyo sisemi kila kitu kifunguliwe. Nasema yule ambaye ataendelea kupika hata mkimfunga, mpeni njia ya kupikia mchana, mkimwona.

Sasa binamu, jibu lako. Najua unasoma, dada ameniambia huwa anakufungulia kwenye simu yake.

Hela ya bomba sitatuma. Usinikasirikie. Kwa sheria ilivyo utakamatwa, na mimi siwezi kukaa huku nikisikia umelala ndani kwa bomba nililolinunua mimi. Bibi alitosha. Lakini mabibo yasioze. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimekuwa kikifundisha watu kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo. Nenda hapo, uliza mafunzo ni lini na kipi kinahitajika ili usajiliwe. Ukiniletea jibu, hela ya mashine ya kukamulia nitaitoa, nimeshaanza kuiweka pembeni. Jifunze kukamua kwa usafi, kupima, kuandika daftari la mauzo. Hata leseni ya gongo ikija kesho, atakayeipata ni mwenye daftari.

Na siku hiyo ikifika, bomba la shaba nitalibeba mwenyewe kwenye begi kutoka Durban, nimelichomelea kwa mikono yangu, halina hata tone la risasi. Tutaliwasha pale pale lilipokuwa pipa la bibi.

Wasalimieni wote Masasi na Newala. Mama, dawa za presha unazimeza? Nitapiga Jumamosi. Walio na maoni tofauti niandikieni, hasa wewe mwalimu, najua hukubaliani nami.

Tupo pamoja.